Nilivyoitwa Doha kwa Kesi ya Mfalme wa Uingereza

Wasomaji wenzangu wa huku nyumbani, wengi wetu tunaijua Doha kwa mambo mawili: ama ndugu amekwenda kufanya kazi, ama ndege imetua pale kubadilisha abiria. Mimi sikwenda kwa hayo. Niliitwa kujibu mashtaka. Mshtaki wangu alikuwa mzee mmoja wa Qatar ambaye sikuwahi kumwona, na kesi yenyewe ilimhusu mfalme wa Uingereza aliyefariki zaidi ya miaka mia nane iliyopita.

Mfalme huyo ni Richard, yule aliyepewa jina la Moyo wa Simba, aliyeacha kiti chake akaenda kupigania Yerusalemu dhidi ya Sultani Salahuddin. Nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili na historia katika shule moja ya mseto karibu na Kitale, nilimtungia mchezo wa kuigiza nilioupa jina Simba wa Ulaya. Tuliupeleka kwenye tamasha za maigizo za shule, tukashinda ngazi ya mkoa, na kwa miaka kadhaa nilitembea mjini nikiwa nimebenua kifua. Katika onyesho la mwisho mfalme na sultani wanakutana ana kwa ana, wanapigana kwa panga, na sultani anakatwa kichwa. Ukumbi wote ulikuwa ukisimama hapo.

Sultani wangu alikuwa msichana wa kidato cha tatu aitwaye Nekesa. Nilimchagua kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyejua kuanguka kama yeye. Alikuwa anakwenda chini mzima mzima bila kuogopa sakafu. Alivaa kanzu nyekundu na kilemba kutoka sanduku letu la maigizo, vitu vile vile alivyovaa Herode kila Krismasi na Firauni kila siku ya wazazi. Shuleni kwetu watawala wabaya wote walikuwa na nguo moja.

Jumapili moja baada ya ibada, Nekesa alinipigia simu kutoka Doha. Sasa ni muuguzi, na kazi yake ni kumtunza mzee nyumbani kwake Muaither. Mzee anaitwa Jassim, alifundisha historia maisha yake yote, na alikuwa amevunjika nyonga.

"Mwalimu, nimeharibu," aliniambia. "Mzee aliniuliza nilisoma nini shuleni juu ya wafalme. Nikampa ile stori yetu. Nikamwambia ati hata mimi ndiye nilikuwa sultani, na mfalme akanikata kichwa."

"Akasemaje?"

"Akasema hao watu wawili hawakuwahi kuonana, hata siku moja. Mimi nikabisha, Mwalimu! Nikamwambia mwalimu wangu alisema iko kwenye kitabu. Tangu hiyo siku hachukui dawa mkononi mwangu. Anasema mtu wa kudanganya juu ya wafalme atadanganya juu ya vidonge."

Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa analia. Mzee alikuwa anangoja mpaka binti yake, Maryam, atoke kazini jioni ndipo ameze dawa za asubuhi, na presha yake ilikuwa inapanda. Ofisi iliyomwajiri Nekesa ilikwisha tafuta muuguzi mwingine. "Nikirudishwa na barua ya kusema mgonjwa haniamini," alisema, "nani ataniajiri tena, Mwalimu?"

Kisha Maryam mwenyewe alichukua simu. Kwa Kiingereza cha upole alinieleza kwamba baba yake hajataka kitu chochote tangu mke wake afariki, wala chakula, wala wageni, wala televisheni. Sasa amepata kitu anachokitaka. Anamtaka mwalimu aliyefundisha uongo ule aje aujibu mbele yake. Tikiti ingekuwa juu yao, na karatasi za kuingia vilevile. Je, ningekuja?

Nawaambia ukweli, kilichonipandisha ndege kwanza kilikuwa hasira. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna mtu aliyewahi kuniita mwongo mbele ya mwanafunzi wangu. Nilifungasha mashati mawili mazuri, mswada wa mchezo wangu, na kitabu cha historia tulichotumia wakati ule, jalada lake likiwa limebanduka. Nilikuwa nakwenda kumfungulia mzee ukurasa wenyewe aone kwa macho yake.

Jumatano alfajiri ndege yetu iliondoka Nairobi. Upande wangu wa kulia aliketi dada mmoja wa Machakos anayefanya kazi hotelini, ambaye alilala kabla hatujamaliza kupaa. Nikafungua kitabu. Sura ya Vita vya Msalaba ilikuwa na kurasa chache tu, pamoja na picha ya mfalme juu ya farasi, ngao mkononi. Nilisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, mara ya tatu kwa kidole chini ya kila mstari. Kulikuwa na kuzingirwa kwa miji, kulikuwa na mapatano, kulikuwa na kurudi nyumbani. Mahali walipokutana mfalme na sultani hapakuwepo.

Hapo ndipo kumbukumbu ilinirudia, na haikurudi kwa upole. Tulipocheza ngazi ya wilaya, mwamuzi mmoja mwenye miwani mizito aliandika kwenye karatasi yetu: "Wahusika wakuu hawakutani." Nilirudi nyumbani nimekunja uso, nikaketi mezani, nikawakutanisha. Pambano lote niliandika jioni ile moja kabla chai haijapoa. Siku ya mazoezi Nekesa aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, hii ilitokea kweli?" Nami nikajibu, "Iko kwenye kitabu," kwa ile sauti ya mwalimu inayofunga mjadala. Nilikuwa nimeisema mara nyingi baada ya hapo, mpaka mimi mwenyewe nikaiamini.

Nilifunga kitabu. Hasira yote ilinitoka, ikaniachia jasho. Nilikuwa hewani, nakwenda kumtetea msichana kwa ukurasa ambao haujawahi kuchapishwa.

Saa sita mchana tulitua Doha. Saa yangu haikuhitaji kurekebishwa, maana majira yao ni kama yetu, na nilifarijika kwa hilo jambo dogo kwa kuwa mengine yote yalikuwa mapya. Milango ya uwanja ilipofunguka, joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya ugali. Kijana mwenye umbo nene alikuwa ameshika kadibodi yenye jina langu. Huyo ni Mafabi, dereva wa nyumba ile, mtu wa Mbale, Uganda. Mimi ni Mbukusu, yeye ni Mgisu, na kabla hatujafika kwenye gari tulikuwa tumejaribu lugha za mama zetu tukakuta zinaelewana.

"Wewe ndio ile mwalimu ya king?" aliniuliza tulipoingia barabara kubwa.

"Ndimi."

"Mimi huyo king namjua sana. Nilimuonaga kwetu Mbale, kwa kibanda ya video. Ile mtu ya kutafsiri alikuwa anasema, king alitahiriwa amesimama, hata jicho haikucheza. Ndio maana wanamuita moyo ya simba."

"Kwani kwenye filamu alitahiriwa?"

"Aah, filamu ilikuwa Kizungu, nani alisikia? Sisi tulisikia mtafsiri tu."

Nilicheka mpaka nikajisahau. Sisi na Wagisu ni ndugu wa jando moja, kwa hiyo hoja ile niliielewa vizuri kuliko ilivyostahili. Nami pia mfalme nilimwona mara ya kwanza katika kibanda cha video, Kimilili, akiwa na vazi jeupe lenye msalaba mwekundu na meno meupe kuliko vazi. Baadaye nikamkuta katika vitabu vya hadithi vya Kiingereza tulivyosomeshwa shuleni. Humo kazi yake ilikuwa moja: kufika ukurasa wa mwisho, mabaya yote yakiwa yamekwisha tendeka, avue kofia ya kujifichia, watu wapige magoti. Sikuwahi kujiuliza alikuwa wapi katika kurasa zile nyingine.

Mafabi alipunguza mwendo tulipokaribia Al Rayyan, akaacha mzaha. "Lakini mwalimu, huyu mzee si mchezo. Na Nekesa ni yeye tu anajua kumuongelesha. Jumapili ndio ile nesi nyingine anakuja. Wewe uongee mzuri, bwana."

Muaither ni mtaa wa huko Al Rayyan, wa nyumba zenye kuta ndefu za rangi ya mchanga, na magari mengi kuliko watu wanaotembea. Nilipewa chumba karibu na cha Mafabi, nyuma ya nyumba kubwa. Nekesa alikuja mbio akiwa na sare yake ya kazi, akanisalimia kwa mikono miwili kama zamani, akanishika begi. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kitabu kilichochungulia kwenye zipu.

"Umekileta!" alisema. "Aki asante, Mwalimu. Nilimwambia mzee: ngoja tu, Mwalimu wangu atakuja na ukurasa."

Ningemwambia pale pale. Mdomo niliufungua. Nikasema, "Ngoja kwanza nioge."

Alasiri hiyo nilipelekwa kwenye majlisi, chumba kirefu cha wageni chenye makochi ya chini kando ya kuta zote. Mzee Jassim alikuwa ameketi mwisho kabisa, kanzu yake nyeupe kama karatasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkongojo mapajani. Maryam aliketi karibu naye na kunimiminia kahawa ya iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Tuliongea Kiingereza, nami nayaandika hapa kwa lugha yetu.

"Ustadh," aliniita, yaani mwalimu, na heshima ile ilinichoma. "Karibu. Umesafiri mbali kwa ajili ya kichwa cha sultani."

"Asante kwa kunialika, Ustadh."

"Mfalme wako aliongea lugha gani katika mchezo?"

"Kiswahili, bila shaka, lakini kwa lafudhi ya Kiingereza. Ya puani."

"Alikaa Uingereza miezi michache tu ya utawala wake wote. Lugha yake ilikuwa ya Ufaransa. Kiingereza sidhani kama alikijua." Alinitazama juu ya kikombe. "Na wafungwa wa mji wa Akka? Aliwaua kwa wingi, wakiwa wamefungwa kamba. Uliwaweka onyesho la ngapi?"

"Sikuwaweka."

"Na alipougua homa, sultani akampelekea matunda na theluji ya milimani apoe. Hilo je?"

Nalo sikuwa nimeliweka. Mtu alimpelekea adui yake matunda akiwa mgonjwa, na mimi nilimlipa kwa kumvika nguo za Herode na kumkata kichwa mbele ya majaji watatu. Nilijiona mdogo kwenye kochi lile.

Maryam alijaribu kunisaidia. Alisema hata tamthilia za Kiarabu za mwezi wa Ramadhani humchora mfalme yule vibaya, nywele nyekundu za bandia, anapiga kelele na kutafuna mguu wa kondoo.

"Hao nao ni waongo," mzee alimkata. "Alikuwa shujaa na alikuwa mkatili, na alikuwa mwana wa mtu. Lakini hao sikuwaita. Nimemwita Ustadh huyu. Swali langu ni moja. Nekesa anasema wewe ulimwambia walikutana na imeandikwa. Ulimwambia hivyo?"

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya tende. Nilimtazama mzee, nikatazama tende, nikasema kwamba sanaa ina uhuru wake, kwamba mwandishi wa mchezo hafungwi kama mwandishi wa historia, kwamba hata Ulaya wenyewe wamemtungia mfalme huyo mambo mengi. Nilisema kwa dakika kadhaa. Hotuba yangu ilikuwa nzuri, na kila neno lake lilikuwa la kukwepa.

"Sikuuliza habari ya sanaa," mzee alisema. "Pumzika. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, mtanichezea onyesho hilo hapa hapa. Nataka kuliona. Kisha utanijibu."

Alhamisi asubuhi niliona kwa macho yangu jambo lililoniita. Nekesa aliingia na vidonge kwenye kikombe cha plastiki na glasi ya maji, akasema, "Baba, dawa." Mzee aliugeuzia uso ukuta. Hakumfokea. Nekesa akaandika kwenye daftari lake la kazi kwamba mgonjwa amekataa, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Jioni Maryam alifika na sare ya ofisini, hata mkoba hajauweka chini, akampa vidonge vile vile, mzee akameza.

"Unaona?" Nekesa aliniambia uani. "Lakini kesho tunamaliza hii maneno. Ukurasa ni wa ngapi, Mwalimu, niuweke alama?"

"Usijisumbue," nikasema. "Nitaufungua mwenyewe."

Nilijichukia kwa jibu hilo. Nilijua nikisema ukweli naweza kumpoteza Nekesa, na nikiendelea kunyamaza anapoteza kazi. Nilipima mambo hayo mawili siku nzima kana kwamba yalikuwa na uzito sawa, na hiyo ndiyo aibu ninayoiandika hapa waziwazi.

Ijumaa alasiri majlisi iliandaliwa. Mafabi alileta mipini miwili ya mifagio iwe panga, akaketi karibu na mlango akiwa na furaha ya mtu aliyepata tikiti ya mpira. Maryam alimfunga Nekesa shela kichwani iwe kilemba. Mimi, mwenye kitambi na magoti yanayolia, ndiye nilikuwa mfalme.

Tulianza. Ajabu ni kwamba Nekesa alikumbuka kila neno. Alizunguka zulia kwa hatua za sultani, akanitisha, akanicheka, akapiga mpini wangu mpaka mikono ikaniuma. Kwa dakika hizo chache nilisahau kesi. Mzee alikuwa amesogea mbele kwenye kochi, mdomo wazi kidogo. Nikainua mpini kwa mikono yote miwili, nikaushusha hewani, na Nekesa akaanguka mzima mzima, kishindo, kama alivyoanguka Kitale. Mafabi alipiga makofi peke yake.

Mzee aligonga sakafu kwa mkongojo. "Sasa," alisema. "Hili umelisoma wapi?"

Nekesa alikuwa bado amelala chali, mikono imetanda. Aliinua kichwa tu kutoka kwenye zulia, shela imemteleza, akanitazama kwa macho ya kidato cha tatu. "Mwonyeshe, Mwalimu," alisema. "Kitabu kiko hapo juu ya meza."

Kitabu kilikuwa hapo kweli. Sikukichukua. Kiingereza chote kilinitoka, na nilichosema nilisema kwa Kiswahili, nikimwambia yeye.

"Nekesa, haiko kwenye kitabu. Haijawahi kuwa. Mwamuzi alisema wahusika hawakutani, nikawakutanisha mimi mwenyewe nyumbani kwangu. Uliniuliza kama ni kweli, nikakudanganya. Nilitaka kushinda."

Nekesa aliketi polepole. Alivua shela, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani.

"Anasema nini?" mzee aliuliza.

Nekesa angeweza kusema lolote. Angeweza kusema nimechanganyikiwa kwa joto, au kwamba ukurasa umepotea. Angeweza hata kunifunika kidogo, kwa heshima ya mwalimu. Alimgeukia mzee, na kwa Kiingereza chake kilichonyooka akatafsiri neno kwa neno: haiko kwenye kitabu, aliitunga mwenyewe nyumbani, nilimuuliza akanidanganya, alitaka kushinda. Sauti yake ilitetemeka kwenye neno moja tu, lile la kudanganya, lakini halikuachwa nyuma.

Mzee alinitazama. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, Ustadh. Hakuongeza, hakupunguza."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilingoja afukuze mtu, na nilikuwa tayari awe mimi.

"Wiki tatu amesimama mbele yangu akikutetea," alisema. "Leo amenitafsiria aibu ya mwalimu wake bila kupaka sukari. Wallahi, mtu kama huyu nilimwita mwongo." Akamgeukia Nekesa. "Binti yangu, wewe ulibeba tu ulichopewa. Nisamehe."

Kisha akanigeukia mimi, na nikaona kitu kinacheza kwenye kona ya mdomo wake. "Sasa nami nina langu. Kwa miaka yote niliyofundisha, nilikuwa nawaambia wavulana kwamba mfalme alipopelekewa yale matunda alilia kama mtoto, akayaficha chini ya mto ili wenzake wasiyale. Darasa lilikuwa linaanguka kwa kicheko. Halimo katika kitabu chochote. Nilitia chumvi ili wasisinzie."

"Baba!" Maryam aliruka. "Mimi hilo niliandika kwenye mtihani!"

"Najua," mzee alisema. "Na aliyesahihisha nilikuwa mimi. Nilikupa alama."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka Mafabi akipiga goti lake na kusema, "Kumbe walimu wote ni watu ya kutafsiri filamu!" na mzee alipoelezwa maneno hayo alicheka mpaka akashika nyonga. Machozi yalinitoka, na sikujaribu kuyaficha.

Kicheko kilipotulia, mzee alinyoosha kiganja mbele ya Nekesa. Nekesa hakuelewa upesi. Kisha akainuka, akaenda, akarudi na kikombe cha plastiki na glasi ya maji. Mzee alichukua vidonge kutoka mkononi mwake, akavimeza kimoja kimoja, akakirudisha kikombe. Maryam alitoka nje ya chumba na simu yake, na kupitia mlango tulimsikia akiiambia ile ofisi kwamba Jumapili wasilete mtu.

Jumamosi asubuhi Nekesa alipewa nafasi ya kunisindikiza kutembea, na Mafabi akatupeleka The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye majumba marefu na boti za matajiri. Tulinunua chai ya maziwa, tukaketi kivulini. Nilijua ananidai neno.

"Nekesa, nisamehe."

Alichezea kifuniko cha kikombe. "Mwalimu, unajua kilichoniuma? Si huo mchezo. Hata nilishuku kidogo. Kilichoniuma ni kwamba Jumatano ulikuwa unajua, Alhamisi ulikuwa unajua, na mimi nakuuliza ukurasa wa ngapi."

"Niliogopa utaniona mdogo."

"Nimekuona mdogo," alisema, na akanitazama usoni. "Halafu ulipoongea pale mbele ya watu, nikakuona tena kawaida. Wacha iishe hivyo. Lakini nilikufa mara ngapi kwa ajili ya hiyo kikombe yako ya ushindi? Goti langu la kushoto mpaka leo hubonyea."

Nilimwambia nitamtafutia dawa ya kuchua. Alicheka, na kwa kicheko kile nilijua nimesamehewa kiasi ninachostahili, wala sikuomba zaidi.

Jumapili niliagana na mzee Jassim. Alinipa pakiti ya tende na kunitaka niwaambie wanafunzi wangu habari ya wafungwa wa Akka na habari ya matunda, zote mbili, siku moja, katika kipindi kimoja. Nilimwahidi. Njiani kwenda uwanjani Mafabi aliniomba nimsimulie mfalme halisi alikuwa nani. Nilianza, nikaona ninasema "inasemekana" na "yaandikwa" kila sentensi ya pili. Mwishowe alisema yule wa kibanda cha video alikuwa mtamu zaidi. Sikumbishia.

Kitale nilifika Jumatatu mchana, nimechoka, nimefurahi. Juma hilo hilo niliingia darasani nikatimiza ahadi. Kisha nikawaeleza wanafunzi kwamba pambano lililoshinda ngazi ya mkoa nililitunga mimi, na kwamba aliyeuliza kama ni kweli nilimdanganya. Walishtuka, halafu mikono ikainuka mingi kuliko nilivyowahi kuiona, kila mmoja anataka kujua ni nini kingine nimetunga. Kipindi kilikwisha tukiwa bado tunapekua. Nilichojifunza ni hiki: mfalme yule amechorwa na Waingereza, Waarabu, mtafsiri wa Mbale na mimi, na kila mmoja ana ruhusa ya kumchora, ila mtoto akiuliza kama ni kweli, ruhusa inakwisha hapo.

Jana nimepata ujumbe wa Nekesa. Mkataba wake umeongezwa na presha ya mzee imeshuka. Anasema kila asubuhi akimpelekea vidonge, mzee Jassim huvaa miwani, huvitazama kimoja kimoja, kisha humuuliza kwa ukali, "Nani amesema nimeze hivi?"

Naye humjibu, "Daktari, Baba. Si mwalimu wangu." Ndipo anameza.